Pikipiki ya Zamani Bila Stendi ya Kati ni Pambo Tu

Wacha niseme hii mapema, ndio wenye watakasirika wakasirike mapema. Ukinunua pikipiki ya zamani, ukaipaka rangi ya krimu, ukaishonea kiti cha ngozi ya kahawia, halafu ukang'oa stendi ya kati kwa sababu "inaharibu shepu", umejitengenezea fanicha. Fanicha yenye inakunywa petroli.

Najua wengi wenu hamjawahi kukaa chini mkafikiria kuhusu stendi. Poa. Tuanze na msingi basi.

Pikipiki nyingi za kazi zina stendi mbili. Ya pembeni ni ule mguu mmoja wa upande wa kushoto. Unaushusha na kisigino, pikipiki inainama kando, unaenda zako. Ya kati ina miguu miwili, iko chini nyuma ya injini, na pikipiki ikipanda juu yake inasimama wima huku gurudumu la nyuma likiwa hewani. Ushaona wale majamaa wa boda wamelala chali juu ya pikipiki pale stejini saa nane mchana, miguu kwa usukani, usingizi wa pono? Hiyo ni kazi ya stendi ya kati. Jaribu kulala hivyo na stendi ya pembeni uone utaamkia wapi.

Lakini usingizi ni bonasi tu. Maana yote iko kwa yale maneno "gurudumu la nyuma likiwa hewani". Gurudumu likiwa hewani unaweza kulitoa uzibe pancha. Unaweza kulizungusha polepole ukipima cheni, kwa sababu cheni iliyozeeka haikazi sawa kila mahali, na ukiipima sehemu moja tu inakudanganya. Unaweza kurekebisha breki ya nyuma ukisikiliza kama inakwaruza. Pikipiki ikiwa wima, oili inatulia sawa ndani ya injini, kwa hivyo kijiti cha kupimia kinakuambia ukweli. Ikiwa imeinama, kipimo chote ni uongo.

Haya yote unafanya ukiwa peke yako, bila jeki, bila kumwita mtu akushikie. Ndio maana nakataa mtu akiniambia stendi ya kati ni chuma cha ziada. Hicho chuma ndicho kinakupa ruhusa ya kujitengenezea. Ukikitoa, kila kitu kidogo ni kupiga simu kwa fundi.

Pikipiki nyingi za kisasa za mbio zinakuja bila hiyo stendi, ili uzito upungue na isikwaruze barabara kwa kona. Sawa, hizo zina sababu zao. Lakini pikipiki ya mwaka wa 1984 ya kubebea vitabu vya shule? Unapunguza uzito uende mbio gani?

Sasa wacha niwaambie hasira yangu imetoka wapi.

Guka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Mukurwe-ini, Nyeri. Alipanda Honda CG125 hadi magoti yakakataa. Kama hujui CG125, hakika unajua watoto wake. Honda waliitoa miaka ya sabini, kuanzia 1976, wakilenga nchi ambazo watu wanapakia pikipiki kama punda na hakuna anayesoma kitabu cha maelekezo. Badala ya kuweka kamshafti juu ya kichwa cha injini na cheni ndefu ya kuizungusha, walirudi kwa fimbo za kusukuma valvu, mtindo wa zamani, kwa sababu unavumilia mtu asiyejali. Cheni ya nyuma wakaifunika yote kwa boksi la bati ili vumbi isiingie. Injini yenyewe ikaja kunakiliwa na viwanda vingi vya China, na nakala hizo ndizo ziko ndani ya boda nyingi zinazokupitisha kwa jam leo. Kwa hivyo pikipiki ya guka ni kama nyanya wa boda za mtaa wenu.

Guka alipotuacha, pikipiki ilibaki. Injini ilikuwa bado inaitikia kiki ya tatu au ya nne. Stendi ya kati ndiyo ilikuwa imekwisha. Mguu mmoja ulikuwa umelika na kupinda, springi ilipotea zamani, na stendi nzima ilikuwa imefungwa juu na blada. Ndio, ile raba ya tyubu ya kufungia mzigo. Fikiria hiyo blada ikatike ukiwa barabarani. Stendi inashuka, inachimba tuta la kwanza, na wewe unaenda kuonana na lami. Guka alipanda hivyo miaka kadhaa na hakuna aliyejua, kwa sababu nani huinama kuangalia chini ya pikipiki?

Basi ikawa inategemea stendi ya pembeni peke yake. Mwaka jana mwezi wa nne, mvua ya ushago si mnaijua, udongo mwekundu ukawa kama uji. Ule mguu mmoja ukazama polepole usiku kucha. Asubuhi pikipiki ikaanguka, pwaa, pale pale kando ya jikoni ambapo binti ya ankali yangu, wa miaka minne, alikuwa anacheza na vifuniko vya soda. Alikuwa ametoka hapo kuitwa uji. Vifuniko tulivipata chini ya tangi.

Shosho hakupiga kelele. Aliangalia ile pikipiki, akamwangalia mtoto, akasema kwa Kikuyu, polepole: wale watu wa vyuma kuukuu wakipita mwisho wa mwezi, wataenda nayo. Na shosho akisema polepole, hiyo imeisha.

Nikamwomba. Nikamwambia, "Shosho, nipe hadi mwisho wa mwezi. Ikisimama wima ibaki. Isiposimama nitawasaidia mimi mwenyewe kuipakia."

Akaniuliza, "Na itasimama na nini?"

Hapo ndipo nilianza kusoma stendi kama mtu ana mtihani.

Kitu cha kwanza ni kipimo. Stendi kuukuu haiwezi kukupa kipimo sahihi kwa sababu imelika. Tulifanya hivi: mimi na binamu yangu tuliinua pikipiki juu ya kreti mbili za soda na ubao, chini ya injini, hadi gurudumu la nyuma likaacha nafasi ya vidole viwili kutoka sakafuni. Halafu nikapima kutoka kwa tundu la fremu, pale stendi inaposhikilia, hadi chini. Huo ndio urefu wa mguu, ongeza kidogo tu kwa sababu miguu haisimami wima kabisa, inapita kidogo kuelekea mbele. Ikiwa mirefu zaidi ya hapo, kuipandisha pikipiki ni vita. Ikiwa mifupi, gurudumu linabaki chini na umenunua pambo.

Kwa nini miguu inapita wima? Huu ndio ujanja wote wa stendi. Miguu ikipita ile mstari wa katikati kidogo, uzito wa pikipiki wenyewe unaisukuma stendi ikaze zaidi kwa kizuizi chake. Ndio maana haiwezi kujikunja yenyewe. Kuitoa lazima usukume pikipiki mbele, irudi juu ya ule mstari. Hakuna loki, hakuna kitufe. Uzito unajifunga.

Nikaweka ile stendi mbovu kwa gunia, nikapanda matatu hadi Nairobi, nikashuka Grogan. Kwenye ramani inaitwa Kirinyaga Road, lakini hakuna mtu wa spea anaiita hivyo. Duka la kwanza, kabla sijafungua gunia, naulizwa, "Umetumwa na nani?" Nikasema nimejituma. Akacheka, akaniletea stendi ya boda, akasema ni ile ile, CG ni CG. Nikaitoa ya guka nikaziweka sambamba kwa meza. Mpya ilikuwa ndefu kuliko kipimo changu kwa karibu sentimita 3. Akaniambia itakaa tu, nikanyage kwa nguvu. Nikamshukuru nikatoka.

Wasichana, mkienda kununua spea, bebeni kile kitu kibovu na futi. Maneno yanaweza kubishaniwa, lakini futi haibishani na mtu.

Duka la nne ndilo lilikuwa na ya kufaa: urefu sawa, upana sawa, na kale kajino ka kushikia springi kako upande ule ule wa kushoto. Hako kajino ni muhimu kuliko rangi. Kakikaa mahali pengine springi itavuta vibaya. Ilikuja na chuma chake kirefu cha kupita katikati, springi na pini. Nililipa soo tisa kwa vyote, na hiyo bei ni kwa sababu ya boda. Mamilioni ya hawa watoto wa CG barabarani Afrika ndio wanafanya nyanya yao apate spea. Mwenye pikipiki ya zamani ya Ulaya analipia mzigo wa ndege na kusubiri wiki. Mimi nilisubiri chenji.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa kwa fremu. Yale matundu ya fremu ambapo chuma kinapita yalikuwa yameacha kuwa duara. Miaka arobaini ya kuyumbayumba iliyafanya kama mayai. Ukiweka stendi mpya kwa tundu la yai, itacheza kama ya zamani, na baada ya mwaka uko pale pale. Hapa ndipo watu wengi wanajiambia "itashika", halafu wanalaumu stendi ya China.

Kuna mzee fundi pale Karatina, wa kuchomelea na kukereza vyuma. Nilimwonyesha chuma kipya, akakereza washa mbili nene zenye tundu la kuingia hicho chuma kwa kubana. Kesho yake akaja nyumbani na mashine. Kabla ya moto wowote tulitoa tangi la petroli tukaliweka mbali kabisa, kule kwa boma la ng'ombe, na tukatoa betri. Akasugua kutu na brashi ya waya hadi chuma kikang'aa. Halafu akafanya kitu ambacho kilinifunza kuheshimu ufundi: hakuchomelea washa moja moja. Alipitisha kile chuma kirefu kwa washa zote mbili na matundu yote mawili ya fremu kwa wakati mmoja, kikiwa kimepakwa grisi, ndio akagusa kidogo huku, kidogo kule. "Msichana wangu," akaniambia, "ukichomelea moja kwanza, ya pili itakataa kuiangalia mwenzake." Chuma kilipozunguka kwa mkono bila kukwama, ndio akamalizia.

Kisha akaweka mashine chini, akaniambia sasa ni zamu yangu.

Kufunga stendi yenyewe ni kazi ya dakika chache. Ekzosi ilitoka kwanza ili kupata nafasi. Grisi ndani ya paipu ya stendi, kwa wingi, kwa sababu hiyo sehemu inakula matope yote ya gurudumu la mbele. Stendi katikati ya masikio ya fremu, chuma kinapita, washa, halafu ile pini ndogo ya miguu miwili, mafundi wanaiita spliti pini. Inaingia kwa katundu mwisho wa chuma, unaipanua miguu na koleo. Hiyo pini ni ya shilingi chache na ndiyo inazuia kila kitu kutoka. Usirudishe ya zamani. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa mara tatu kinakatika mara ya nne.

Springi ndiyo ilikuwa na kiburi. Springi ya stendi ya kati ni nene kwa sababu ina kazi mbili: stendi ikiwa juu inaishikilia juu, ikiwa chini inaishikilia chini. Inavuta kupitia upande wa pili wa egemeo stendi inapogeuka. Kuivuta kwa mkono huwezi. Watu wanaichokora na bisibisi, inawaruka, inawapata kwa jicho. Mzee alinipa miwani ya kazi, akaomba sarafu. Nilikuwa na shilingi moja moja kadhaa na kobole mbili. Unakunja springi upande mmoja, pete zake zinafunguka, unaingiza sarafu kati yake. Unakunja upande mwingine, unaingiza zingine. Taratibu springi inakuwa ndefu na inabaki ndefu. Unaining'iniza kwa kajino bila vita. Halafu unashusha stendi, springi inanyooka zaidi, na sarafu zinaanguka chini moja moja, tin, tin, tin. Binamu yangu mdogo aliziokota zote. Sikuzidai.

Kujaribu: unashusha stendi na mguu hadi miguu yote miwili iguse chini kwa usawa. Kugusa kwa usawa ni lazima. Ikigusa mmoja kwanza, pikipiki itateleza. Mkono wa kushoto kwa usukani, wa kulia kwa chuma cha nyuma ya kiti. Halafu hapa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia mgongo: usiinue. Kanyaga. Simama juu ya ule mkono wa stendi na uzito wako wote, kama unapanda ngazi. Mkono wa nyuma unaongoza tu. Pikipiki inarudi nyuma na kupanda yenyewe.

Ilipanda. Gurudumu la nyuma likabaki hewani, vidole viwili, kama kipimo. Nikalizungusha, likalia tik tik tik ndani ya boksi la cheni. Nikatikisa usukani, haikuyumba. Tukaishusha, tukaizungusha kwa uwanja wote wenye mashimo, na stendi haikulegea hata kidogo kule juu.

Shosho alikuwa amesimama mlangoni muda wote na kikombe cha chai. Ana miaka 74 na kila siku anabeba nepia ya ng'ombe mgongoni. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mami, toka hapo."

Nikatoka. Akashika pale nilimwonyesha, akakanyaga. Kilo karibu 100 za chuma zikapanda kama kiti cha kinyozi. Akaishusha, akaipandisha tena, kama mtu anahakikisha si bahati. Halafu akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwezi huo: "Na kwa udongo?"

Shosho yuko sahihi, hata stendi ya kati inazama kwa matope, ingawa miguu miwili inagawana uzito. Siku hiyo hiyo tukalaza mawe matatu bapa kando ya stoo, mbali na jikoni, na hapo ndipo inalala hadi leo. Watu wa vyuma kuukuu walipita mwisho wa mwezi. Shosho akawauzia karai bovu na ile stendi ya zamani.

Sasa nirudi kwenu, wapenzi wa picha. Sina shida na picha. Mimi pia nafanya kontenti, na krimu na kahawia zinapendeza jioni jua likishuka. Shida yangu ni ile tabia ya kupenda kitu cha zamani kwa sura yake na kukitoa viungo vyake vya kazi. Waliotengeneza pikipiki hizi walijua mwenye nayo yuko mbali na gereji. Waliweka stendi ili mwalimu wa Mukurwe-ini apate pancha saa kumi na mbili asubuhi na bado afike darasani. Hiyo heshima kwa mtumiaji ndiyo uzamani ninaoutaka mimi. Rangi unaweza kununua popote.

Kwa hivyo kama una pikipiki ya zamani kwenu, ama unaitafuta, fanya mambo matatu wikendi hii. Inama uangalie chini: springi iko, ama ni blada? Shika stendi uitikise: imetulia bila kucheza? Halafu ipandishe: gurudumu linaacha nafasi ya vidole viwili? Ukipata "hapana" mahali popote, usipande hiyo kitu hadi urekebishe, hata kama ni ya kwenda hapo dukani tu.

Na wewe uliyeing'oa ukaitupa nyuma ya gereji kwa sababu ya shepu, bado iko pale. Nenda uichukue kabla watu wa vyuma kuukuu hawajapita.